Kibao kwa Kibao: Mwongozo Kamili wa Kuunda Modeli za Safari Rally kwa Pamoja, Hapa Nairobi

Juu ya kabati langu la nguo kulikuwa na maboksi kumi na moja ya modeli za plastiki, na ni mawili tu yaliyowahi kufunguliwa. Kila mwenye uraibu huu analijua kabati hilo. Unanunua seti kwa hamu, unaiweka kando ukingojea wikendi tulivu, na wikendi tulivu Nairobi ni kama matatu tupu saa kumi na mbili jioni: unasikia tu kwamba ipo. (Tunasema seti. Ukisema "kiti", kutoka kit ya Kiingereza, wageni watadhani unataka kukaa.)

Kilichonitoa hapo hakikuwa ustadi wala vifaa vipya. Ni kujua kwamba Jumamosi saa nane wenzangu watano watakuwa mezani, na mimi sina hata tairi moja la kuwaonyesha. Huo ndio mradi wa pamoja: watu wachache wanakubaliana mada moja, skeli moja na tarehe moja ya mwisho, kisha kila mtu anaunda yake. Kuna miradi iliyolegea, ambapo modeli zinapangwa tu mezani siku ya mwisho. Na kuna iliyokazwa, ambapo kazi zote zinaungana kuwa mandhari moja. Nitaeleza hiyo ya pili, kwa mfano wa mradi tulioufanya wenyewe: magari ya Safari Rally katika skeli ya 1/24 (yaani gari halisi likipunguzwa mara 24), kila gari juu ya kibao chake, na vibao vyote vikishikana kuwa barabara moja ya vumbi.

Hatua ya kwanza: watu, mada na kalenda

Watu wanne ni wachache. Mmoja akiugua na mwingine akisafiri, mmebaki wawili mnatazamana. Kumi hawaenei kwenye meza yoyote ninayoijua. Sita wanatosha, na wasiwe wote mafundi. Chukueni mmoja au wawili wanaoanza, kwa sababu anayeanza huuliza maswali ambayo nyinyi wengine mliacha kuyauliza na bado hamjui jibu lake.

Safari ni mada nzuri kwa kundi la hapa. Ilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, kwa hivyo kuna magari ya miongo mingi ya kuchagua: Datsun 240Z ambayo Shekhar Mehta alishinda nayo mwaka 1973 (alikuja kushinda mara tano kwa jumla), Mitsubishi Lancer ya Joginder Singh ya 1974, Toyota Celica ya Ian Duncan ya 1994. Kampuni za Japani kama Tamiya, Hasegawa na Aoshima zina magari mengi ya rally katika 1/24. Si kila gari linapatikana kwa umbo lake la Safari. Mara nyingi utanunua la mashindano ya Ulaya, kisha uongeze mwenyewe chuma cha kukinga ng'ombe mbele, taa za ziada na bomba la kuvutia hewa juu. Faida nyingine: karibu kila mzee wa Nairobi aliwahi kusimama kando ya barabara akamwagiwa tope na gari hizo. Waulizeni, na muombe waangalie albamu zao.

Skeli isiyumbe. Katika 1/24 gari la mita 4.2 linatoka sentimita 17.5, na mtu wa mita 1.75 anatoka sentimita 7.3. Mmoja akileta gari la 1/20 "kwa sababu ndilo nililopata", litaonekana lori kando ya wenzake, na hakuna rangi itakayolificha.

Wekeni pia kanuni ya robo, ambayo vikundi vingi duniani huitumia: siku ya kuanza, hakuna modeli iliyozidi asilimia 25 ya kazi. La sivyo mmoja ataleta gari karibu limekwisha, na mnaoanza mtakata tamaa.

Sisi tunafanya wiki 12, mikutano sita, Jumamosi moja kila wiki mbili. Tunaanza Januari na kumaliza mwisho wa Machi, kabla masika hayajakolea. Wengine wanapenda Juni hadi Agosti. Mimi siafiki: baridi ya Julai hufanya rangi ichelewe kukauka, na vanishi ikipulizwa hewa ikiwa na unyevu hugeuka ukungu mweupe. Januari kuna vumbi, kweli, lakini vumbi unalituliza kwa kunyunyiza maji sakafuni nusu saa kabla ya kupuliza. Unyevu huutulizi kwa chochote. Ila Januari ni mwezi wa karo, kwa hivyo michango yote iishe Novemba.

Hatua ya pili: endesheni kama chama

Hapa ndipo miradi mingi hufia, na si kwa sababu ya plastiki. Tenganisheni mapema vitu vya mtu na vitu vya kundi. Seti, kisu, koleo dogo la kukatia, msasa na gundi ni vya mtu. Kompresa, brashi ya hewa (kalamu ya kupulizia rangi), praima (rangi ya msingi), vanishi, plaiwudi na udongo ni vya kundi. Mhazini awe mmoja, pesa zipite M-Pesa ili kila shilingi iwe na ujumbe wake, na risiti zipigwe picha siku hiyohiyo. Tulikubaliana pia jambo moja lililoonekana dogo wakati huo: anayejiondoa harudishiwi mchango wa vitu vilivyokwisha kununuliwa, lakini kibao chake kinabaki kwenye barabara.

Seti agizeni kufikia Septemba au Oktoba, na ulizeni ushuru kabla ya kulipa. Msitie rangi za mafuta wala makopo ya kupuliza kwenye oda ya ndege. Ni vitu vinavyowaka na havipokelewi kwenye barua. Rangi zinazochanganywa na maji hazina taabu hiyo.

Hatua ya tatu: vifaa vya hapahapa

Msisubiri kila kitu kutoka nje. Kisu bora nilichonacho ni cha upasuaji: mpini namba 3 na wembe namba 11, kutoka duka la vifaa vya hospitali, na nyembe zake huja zimefungwa mojamoja. Dukani humo nunua bomba za sindano za kupimia rangi. Msasa wa maji, kuanzia namba 400 hadi 2000, uko kwenye maduka ya rangi za magari Kirinyaga Road, ambako wengi bado wanakuita Grogan. Bodi fila ya magari huziba nyufa kubwa za plastiki vizuri, ukichanganya kidogo tu kila mara, maana inashika haraka. Vibanio vya nguo vinashikilia vipande vikikauka.

Wembe uliokwisha usitupwe kwenye mfuko wa taka. Tia kwenye chupa ya soda yenye kifuniko. Kuna mtu atakayeubeba mfuko huo kwa mikono.

Hatua ya nne: kukata na kuunganisha

Mkutano wa kwanza ni wa kufungua maboksi pamoja. Hesabuni vipande kwa kufuata karatasi ya maelekezo, kisha osheni fremu zote (vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande) kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Plastiki hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta ya kuiwezesha kubanduka kwenye kalibu, na rangi haishiki juu yake.

Kata kila kipande mara mbili. Mkato wa kwanza uwe mbali, ukiacha kijiti cha milimita mbili hivi kwenye kipande. Mkato wa pili ufuate karibu, upande bapa wa koleo ukitazama kipande. Ukikata mara moja tu, plastiki hupasuka kwa ndani na kuacha doa jeupe ambalo utaliona hata chini ya rangi. Kinachobaki kiparue kwa wembe, kisha msasa 400, 800, 1000, kwa maji. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, bado.

Gundi ya plastiki nyepesi si gundi hasa. Ni kiyeyusho: huyeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja. Kwa hivyo huipaki kama asali kwenye mkate. Shika vipande vikiwa vimekutana tayari, gusa kiungo kwa ncha ya brashi, na gundi itakimbia yenyewe ndani ya ufa. Inavutia kuiangalia, na ndipo watu hujisahau wakaacha kidole juu ya ufa. Gundi inafuata kidole pia. Nina Celica yenye alama ya kidole gumba changu kwenye mlango wa kushoto, safi kama ya kitambulisho.

Vioo visiguswe na superglu, maana mvuke wake huviachia utando mweupe. Tumia gundi nyeupe ya mbao, inakauka angavu.

Hatua ya tano: rangi

Rangi ya gari la Safari unaweza kuchanganyiwa Grogan kwa namba, kama gari la kweli. Mara ya kwanza nilipokwenda, fundi wa rangi aliniuliza, "Boss, unataka lita ngapi?"

"Robo ya robo."

"Unapaka bampa?"

"Gari zima." Nikalitoa mfukoni. Aliligeuzageuza kiganjani, akamwita mwenzake, na mwenzake akaniuliza kama limeoshwa na maji moto likanywea. Walinichanganyia, na hadi leo wakiniona wananiuliza habari za lile gari.

Hadhari ni kwamba rangi za magari zina tina kali inayokula plastiki tupu. Pitisha praima kwanza, iache ikauke siku nzima, kisha anza na ukungu mwembamba wa rangi mara mbili au tatu kabla ya kupaka mkono wa kulowesha. Kama hujiamini, tumia rangi za akriliki. Na vanishi ya gari ya kuchanganya na kigumushi msiitumie nyumbani kabisa: ina aisosayaneti, ambazo huharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizizuii.

Kwa brashi ya hewa, zimua rangi mpaka iwe kama maziwa na ishuke kwenye ukuta wa kikombe bila kuacha michirizi minene. Shinikizo psi 15 hadi 20, umbali sentimita 10 hadi 15. Anza kupuliza nje ya gari, pita, malizia nje. Ukianza juu ya gari, tone la kwanza litakaa palepale. Madirisha wazi, barakoa ya kemikali usoni, jiko la gesi limezimwa. Na kompresa yenye tangi dogo ina thamani kuliko isiyo nalo, kwa sababu stima ikipotea katikati ya boneti, hewa iliyobaki itakumalizia boneti.

Kila gari linahitaji uso unaong'aa kabla ya stika. Stika za maji zikiwekwa juu ya rangi iliyoparara, hewa hunaswa chini yake na kila stika inang'aa kama karatasi ya sigara. Pitisha vanishi ya kung'aa, subiri siku mbili.

Kisha kata stika moja, ichovye kwenye maji sekunde kumi hivi, iweke kwenye tishu dakika moja. Ikianza kuteleza juu ya karatasi yake, isogeze kwenye gari kwa brashi yenye maji, si kwa kidole. Kausha kwa kona ya tishu kuanzia katikati kwenda nje. Juu yake weka dawa ya kulainisha stika. Hapo kijana wetu mdogo zaidi, mwanafunzi wa sekondari, alipiga kelele.

"Mzee, imekunjamana!"

"Usiiguse."

"Lakini namba ya mlango yote—"

"Kijana, tia mikono mfukoni."

Alitia. Baada ya nusu saa stika ilikuwa imejilaza mpaka kwenye mfereji wa mlango, utadhani imepakwa. Dawa hiyo hulainisha stika kabla ya kuinyoosha, na ukiigusa ikiwa laini, inachanika kama chapati ya jana.

Hatua ya sita: kibao

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo iliyotuaibisha mara ya kwanza. Kibao chetu ni plaiwudi ya milimita 9, sentimita 30 kwa 30. Barabara inaingia katikati ya ukingo wa kushoto na kutoka katikati ya ukingo wa kulia, upana sentimita 16 (karibu mita 3.8 katika uhalisia, barabara ya murram ya kawaida). Katikati ya kibao fanya upendavyo: kona, mto, tuta, kundi la watazamaji. Lakini sentimita tatu za mwisho kila upande ni za kundi, si zako. Hapo hakuna jiwe wala mti, na uso uko kimo kimoja.

Msipimane kwa rula. Rula zinatofautiana, na watu zaidi. Mwambieni seremala akate kipande kimoja cha hadibodi chenye umbo kamili la ukingo: kimo cha sentimita tatu, mgongo kidogo wa barabara katikati, mitaro miwili kando. Kitobolewe pia matundu mawili ya boliti. Kipande hicho kizunguke nyumba kwa nyumba. Kila mtu akichorea na kutobolea humo, vibao vitakutana.

Ardhi ijengeni kwa stairofomu ya maboksi ya televisheni, ishikwe kwa gundi ya mbao (gundi ya modeli na rangi ya kupuliza huila), kisha juu yake tabaka jembamba la plasta ya jasi.

Sasa udongo. Mradi wetu wa kwanza kila mtu alileta wa kwao. Wa mji wa Kikuyu alileta mwekundu kama matofali, wa Syokimau alileta mweusi wa mfinyanzi, mimi nilichota wa kijivujivu kando ya barabara Kasarani. Kila kibao peke yake kilipendeza. Tulipoviunganisha, barabara ilionekana kama shuka la viraka, na gari lililochafuka kwa wekundu lilikuwa limesimama juu ya weusi. Tangu siku hiyo: ndoo moja, mtu mmoja, udongo mmoja. Uanikeni juani, utwangwe, uchekechwe kwa chekecheo la unga, halafu upitishwe kwenye soksi ndefu ya nailoni, kwa sababu punje ya mchanga ya milimita moja ni jiwe la sentimita mbili na nusu katika 1/24. Mwishowe ukaangwe kwenye sufuria kuukuu nusu saa ili mbegu na wadudu wafe. Aliyeruka hatua hiyo alipata nyasi halisi mwezi uliofuata, ndefu kuliko madereva.

Nyunyiza udongo juu ya gundi ya mbao mbichi, kisha dondosha kwa bomba la sindano mchanganyiko wa gundi sehemu moja kwa maji sehemu tatu, na tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni maji yanakaa juu kama lulu na kubeba udongo. Nyasi kavu tunakata kutoka kamba ya katani, vishada vya sentimita moja au mbili.

Weka kando kikombe kimoja cha unga laini kabisa wa udongo uleule. Ndio vumbi la magari. Kabla ya kulipaka, kata utepe wa kufunikia kwa umbo la njia ya waipa na uubandike kwenye kioo cha mbele. Ukiubandua baadaye, dereva ataona njia. Vumbi lizidi nyuma na chini, lipungue kuelekea paa. Usilifunike kwa vanishi nzito, maana litatoweka kama halikuwahi kuwapo.

Hatua ya saba: siku ya kuunganisha

Gari lifungwe kwenye kibao kwa skurubu moja kutoka chini, kupitia chesisi. Kibao kiingie kwenye boksi la keki la ukubwa wake, na usipande matatu nacho saa za msongamano. Kiweke mapajani, si kwenye keria. Mezani pangeni vibao, tieni boliti bila kukaza, sawazisheni, kisha kazeni zote kwa zamu. Nyufa zinazobaki zijazwe na udongo mkavu wa ndoo ileile, usiogundishwa, ili kila mtu arudi nyumbani na chake jioni hiyo.

Mwaka mmoja tulikuwa na vibao sita na magari matano. Mwenzetu mmoja alihamishiwa kazi Kisumu wiki ya nne, seti yake ikiwa bado kwenye fremu. Kibao chake kilikuwa na ardhi tu. Tulikipaka udongo kama vingine, na kabla haujakauka tukabingirisha matairi ya akiba juu yake, kutoka ukingo hadi ukingo, yakipinda kidogo pale katikati kana kwamba dereva alikwepa kitu. Wageni wakauliza gari la hapo liko wapi. Yule kijana wa sekondari akawajibu kwamba limeshapita.

Kibao hicho ninacho mimi, juu ya kabati lile la nguo. Matundu yake ya boliti hayajazibwa, na mwenyewe amenitumia picha ya milango miwili iliyokwisha kupakwa praima.